Bonbon za maboga, na ndoo tuliyoificha



Wenye kutengeneza gazeti walituomba tuandike namna ya kufanya zile bonbon za maboga tulizokula siku ya Noeli, zile zisizohitaji furu. Walitaka ukurasa mmoja tu: vipimo na kazi, basi. Sisi sita wa darasa la 5 tulikaa pamoja tukaona haiwezekani. Mwenye kuandika vipimo tu amesema nusu ya habari. Nusu ya pili watu wa interna wanaijua na wanaisema pembeni, wengine wakiongeza chumvi. Afadhali tuiseme wenyewe, kila kitu mahali pake. Kwa hiyo mtakuta hapa mambo mawili: namna ya kutengeneza bonbon, na namna tulivyoharibu.

Ninyi mnaolala kwenu hamjui vizuri Noeli ya interna. Siku trimestre inapokwisha, masanduku yanatoka, watu wanaimba, malori yanapiga honi, na kufika jioni nyumba zetu za kulala zinabaki kimya. Wanaobaki ni wale ambao kwao ni mbali, ama barabara imekatwa na mvua, ama nyumbani hakuna pesa ya safari ya kwenda na kurudi. Safari hii tulibaki 23. Chakula kipo, tusiseme uongo: bugali, maharagi, sombe, na ndakala za ziwa siku njema. Lakini Noeli mtu anatamani kitu kitamu, kitu ambacho si cha siku zote. Ndipo tukachanga pesa kidogo kidogo. Walioweza walitoa nyingi, wasioweza walitoa kazi ya mikono. Tukanunua sokoni sukari kilo 3, karanga, na viungo kidogo. Sisi sita, wavulana watatu na wasichana watatu, tukachaguliwa kuwa wakubwa wa jambo hilo, juu ya ukubwa wa darasa letu, si juu ya akili yetu, kama mtakavyoona.

Maboga tulipewa bure. Mlinzi wa shule alikuwa amepanda bondeni karibu na mto tangu kiangazi, mahali ambapo udongo haukauki. Alituletea maboga 5, manne makubwa na moja dogo. Akasema: “Bana yangu, munichekee, lakini hii njo iko nayo.” Kweli tulicheka, kwa siri. Kwetu sisi boga ni chakula cha kukosa kingine. Linachemshwa, linaliwa asubuhi na chai ya bila sukari, hakuna mtu anayelisifu. Nani anakaribisha wageni kwa boga?

Lakini mwalimu wetu wa Kiingereza, kabla hajaenda likizo, alituonyesha katika maktaba kitabu cha mapishi cha Wamarekani. Ni kitabu kizee, jalada limekwisha kutoka. Ndani yake mlikuwa ukurasa wa vitamu vya boga vya kufanya bila furu: unasaga bisikiti, unachanganya na boga, sukari na viungo, unafinyanga kwa mikono, unaweka mahali pa baridi, kazi imekwisha. Akatueleza kwamba kule Marekani boga ni chakula cha sikukuu. Wana siku kubwa ya kushukuru, Alhamisi ya nne ya mwezi wa 11, na siku hiyo nyumba nyingi hazikosi keki ya boga. Jambo hili si la jana. Mwaka 1796 mwanamke mmoja aitwaye Amelia Simmons alipiga chapa kitabu cha mapishi cha nchi ile, na ndani yake boga limekwisha kuchanganywa na viungo. Mwaka 1934 kampuni ya McCormick ikaanza kuuza viungo hivyo vikiwa vimesagwa pamoja katika kikopo kimoja. Wanaviita viungo vya boga, lakini ndani ya kikopo hakuna boga hata kidogo: ni mdalasini, tangawizi, kungumanga na viungo vingine. Tulicheka sana. Ni kama mtu anakuuzia chumvi na kuiita chumvi ya samaki, nawe unatafuta samaki ndani.

Mwalimu akaongeza neno moja ambalo tulilisahau haraka, ila sasa tunalikumbuka. Alisema: angalieni namna vitu vinavyosafiri. Boga ni mtoto wa Amerika. Mbegu za zamani sana zimeonekana katika pango moja la Meksiko, zina miaka kama 10 000. Mahindi yametoka Amerika pia, na muhogo, na karanga. Karafuu nayo ilitoka mbali upande mwingine, visiwa vya Maluku katika Indonesia, ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Sultani Said akawalazimisha watu kuipanda, na mashamba yakalimwa na watumwa. Wengi wao waliondolewa huku bara, hata ng'ambo hii ya ziwa Tanganyika. Utumwa ulifutwa kisheria kule Unguja mwaka 1897. Misafara ile ya wafanya biashara waliopita Tabora na Ujiji, na kuvuka ziwa, ndiyo iliyotuletea lugha hii tunayoandika. Kwa hiyo, akasema, mtu akiponda karafuu katika kinu asiseme ni kitu kidogo. Kuna watu waliolia juu yake.

Basi. Tarehe 22 ya mwezi wa 12, mchana, tukawasha mbabula mbili nyuma ya jikoni. Mama wa jikoni alikuwa amekwenda sokoni. Alituambia tumngoje, sisi tukaona kungoja ni utoto. Kitabu kiko, tunajua kusoma, tuko darasa la 5. Tukakata maboga manne makubwa, tukayachemsha katika maji mengi kama viazi, tukayaponda. Yakawa mazuri kwa macho, rangi ya machungwa. Tukamimina sukari kilo 2 mara moja, maana kitabu kilisema changanya boga na sukari. Lakini wapi! Badala ya kushikana, yakalegea. Tukaongeza karanga zilizosagwa, yakabaki uji. Mmoja wetu akasema: tutie unga. Tukatia unga mbichi wa mahindi, vikombe na vikombe. Ukifinyanga, inashuka kati ya vidole. Tukajaribu kuiweka katika sahani kubwa ipoe, labda itaganda. Ikapoa, haikuganda.

Saa 11 ya jioni mawingu yakafunga, tukasikia sauti ya Mama akirudi na kikapo chake. Hapo ndipo tulipokosa. Si pale pa kupika. Kupika vibaya si dhambi. Tulitazamana, hakuna aliyesema neno refu. Tukamimina yote katika ndoo, tukafunika kwa gunia, tukaipeleka katika chumba cha majembe, tukaiweka nyuma kabisa. Tukaosha sufuria. Mama alipouliza, tukasema maboga manne yalikuwa yameoza ndani, tumeyatupa. Akasema: “Na sukari?” Tukasema sukari iko katika depo.

Usiku ule mvua ilinyesha ya kupasua mabati. Na asubuhi ya tarehe 23, Mama alipofungua depo akakuta kilo 1 tu, alituita. Ndipo uongo wa pili ulipotoka, na ulitoka mwepesi kuliko wa kwanza. Tulisema: labda mvua iliingia kwa dirisha, sukari ikayeyuka. Chini palikuwa na maji kweli, maana mabati ya depo yanavuja. Mama akatazama maji, akatazama dirisha, akaita mwenye kuchunga ufunguo.

Mwenye ufunguo alikuwa mdogo wetu wa darasa la kwanza. Jina lake hatuandiki, nanyi mnaomjua mnyamaze. Kwao ni mbali kuliko kwetu sote, na ile kazi ya ufunguo alipewa kwa sababu ni mtoto asiyepoteza kitu. Alikuwa anauvaa shingoni kwa uzi, hata akilala. Akasema: “Mama, dirisha nilifunga.” Mama akasema: “Na sukari ilienda wapi?” Akasema tena: “Mie nilifunga, Mama.” Kisha akatutazama sisi, sababu yeye alituona jana tukichukua mfuko wa sukari, na ni yeye aliyetufungulia mlango. Alitungoja tuseme. Sisi sita, wakubwa wake, tulitazama chini kama tunahesabu mawe.

Yeye hakututaja. Mpaka leo hatujui kwa nini. Labda aliogopa, labda aliona ni haya yetu, si yake. Mama alimvua uzi ule shingoni, bila ukali, akasema: “Basi, peana ufunguo.” Siku ile mtoto alikula peke yake kwenye ngazi, sahani juu ya magoti. Wengine walianza kumwita Dirisha. Sisi tulisikia jina hilo, tukanyamaza. Mmoja wetu hata alicheka kidogo, ili asionekane.

Sasa, wasomaji, msifikiri kwamba dhamiri ilituamsha usiku kama katika hadithi. Tulilala vibaya, ni kweli, lakini tulilala. Kilichotuamsha ni harufu.

Asubuhi ya tarehe 24 mlinzi alikwenda kuchukua jembe. Akarudi mbio, hakwenda kwa Bwana Perefe, alikuja kwetu. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Akasema kwa sauti ndogo: “Bana yangu, kule kwa majembe kuko pombe. Ndoo nzima, inachemka yenyewe bila moto. Ni ya nani? Batasema ni yangu. Batanifukuza, na niko na batoto.”

Ninyi nyote mnajua sheria ya shule yetu juu ya pombe. Tulimwona mtu mzima, aliyetupa maboga bure na tukamcheka, akiogopa kufukuzwa kwa ajili ya ndoo yetu. Mmoja alikuwa amekwisha kulipa mahali petu. Sasa wa pili alikuwa mlangoni. Pale tukaona kwamba uongo haukai mahali ulipouweka. Ni kama ile ndoo: unaifunika kwa gunia, yenyewe inaendelea kufanya kazi ndani.

Tukabeba ndoo sisi wenyewe, watatu mbele, watatu nyuma, mpaka jikoni. Mama alikuwa anachambua maharagi. Tukamweka ndoo mbele, tukasema yote tangu mwanzo: kupika, kuficha, maboga yasiyooza, mvua isiyoyeyusha kitu, na mtoto aliyefunga dirisha. Hakutukatiza. Aliinama, akafunua gunia, akanusa, akachovya kidole. Kisha akasema neno ambalo hatutalisahau: “Mungeniletea juzi mangaribi, tungeirudisha pa moto, ingekuwa bonbon. Sasa munaniletea nini? Munaniletea pombe.”

Mwalimu wa biolojia, ambaye nyumba yake iko hapa shuleni, aliitwa aitazame. Hakutupigia kelele. Alituuliza maswali kama mtihani, nasi tukajibu tukisimama. Tunaandika hapa yale aliyotufundisha, maana ndiyo yatakayowasaidia mkijaribu.

Kwanza, boga ni maji. Katika kilo 1 ya boga bichi, zaidi ya gramu 900 ni maji. Sisi tulilichemsha ndani ya maji mengine, tukaongeza maji juu ya maji. Pili, sukari haikaushi kitu chenye maji. Inayeyuka ndani yake na kuwa maji matamu, kwa hiyo ukiitia mapema unazidi kulegeza. Tatu, unga mbichi una vijidudu vya chachu na vingine visivyoonekana kwa macho. Tuliutia ndani ya kitu kilichoanza kupoa, kitamu, chenye maji, tukakifunika mahali pa joto kwa siku moja na nusu. Mtu akitaka kufanya pombe kwa makusudi angefanya nini zaidi?

Na jambo la nne ni la kitabu. Alikiomba, akasoma ule ukurasa, akatabasamu. Wamarekani wengi, alisema, wanachukua boga katika mkebe wa duka, limekwisha kupikwa na kuwa zito. Ndiyo maana kitabu kinasema changanya tu. Mwenye kuandika hakuona haja ya kusema boga likaushwe, sababu kwake limekwisha kukauka. Sisi tulisoma maneno yake, lakini hatukusoma jikoni lake. Mama wa jikoni, ambaye hajui Kiingereza, angetuambia jambo hilo kwa kutazama sufuria mara moja.

Yaliyokuwa ndani ya ndoo yalichimbiwa shimo mbele ya Bwana Perefe. Sukari kilo 2 ya watu 23 ikaingia udongoni. Tulishika majembe sisi wenyewe.

Likabaki boga dogo, kama kilo 2, na sukari kilo 1, na karanga kidogo. Mama akasema: “Leteni. Na leo mutafanya vile nasema.” Hivi ndivyo alivyotufanyisha, nanyi mkipenda mfanye hivyo.

Kata boga, toa mbegu, menya ganda. Mbegu usizitupe: zioshe, zianike, uzikaange na chumvi kidogo. Vipande usivichemshe ndani ya maji. Weka vijiti au majani ya mgomba chini ya sufuria, maji kidogo chini yake, vipande juu, funika, viive kwa mvuke tu. Viponde, uvimimine katika kitambaa safi, ukitundike kama saa 1 maji yadondoke, kisha ukamue kwa mikono miwili. Rudisha boga katika sufuria pana juu ya mbabula yenye makala machache, koroga bila kupumzika. Utajua limekauka hivi: pitisha mwiko chini ya sufuria, ukiona njia yake inabaki wazi na haijifungi, tayari. Kutoka boga lile dogo tulipata vikombe 2.

Hapo tu, si kabla, tia sukari kikombe 1. Italegea kidogo tena. Usiogope, endelea kukoroga mpaka njia ya mwiko irudi kuwa wazi. Tia chumvi kidogo sana. Kisha viungo, vikiwa vimepondwa katika kinu na kuchekechwa: mdalasini vijiko vidogo 2, tangawizi kavu kijiko kidogo 1, karafuu punje 5 tu. Kungumanga hatukuipata sokoni, na hatukuona imekosekana. Karafuu ina nguvu, ukizidisha utafikiri uko kwa mganga wa meno.

Ondoa sufuria motoni. Mahali pa bisikiti, ambazo ni ghali, Mama alitumia mahindi: kaanga punje kavu mpaka ziwe na rangi ya kahawa na harufu nzuri, zitwange, uchekeche. Unga huu umekwisha kuiva kwa moto, hauna ladha ya ubichi. Tia vikombe 3 vyake, na vikombe 2 vya karanga zilizokaangwa na kutwangwa. Karanga zichambuliwe moja moja. Yenye ukungu, iliyobadilika rangi au iliyo chungu tupa mbali, maana ukungu ule una sumu ambayo moto hauimalizi. Changanya vizuri, ngoja ipoe, paka mikono mafuta kidogo, finyanga vidonge kama jicho la ng'ombe. Viringisha kila kimoja katika unga wa karanga. Vilaze juu ya majani ya mgomba, mahali pa baridi, pasipo nzi wala mchwa. Vinaliwa siku ileile au kesho yake. Sisi hatuna frijo. Ya kesho kutwa usimpe mtu.

Boga la rangi ya machungwa lina kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A, inayosaidia macho na kinga ya mwili. Kwa hiyo chakula tulichokicheka si cha kuchekwa hata siku nyingine.

Vilitoka vidonge 50. Kama tungefanya vema mara ya kwanza, kila mtu angekula 10 na kubaki vingine. Sasa tulihesabu: watu 23, kila mmoja 2, ni 46. Vinne vilivyobaki: kimoja cha Mama, kimoja cha mlinzi, kimoja cha mwalimu wa biolojia, kimoja cha Bwana Perefe. Sisi sita tulisema hatutakula. Mama akakataa: “Mwenye kukosa naye anakula. Lakini atasema kwanza.”

Basi tulisema. Jioni ya tarehe 24, baada ya nyimbo, tulisimama mbele ya wote, tukasema nani alichukua sukari na nani hakuacha dirisha wazi. Ni maneno machache, yanakwisha kwa dakika moja, lakini midomo ilikuwa mizito kama ya mtu aliyetoka kwa mganga wa meno wa kweli. Kisha tukamgeukia mdogo wetu, tukamwomba msamaha kwa jina lake, si kwa lile jina la kicheko. Alisimama. Akasema: “Ni sawa, bayaya.” Akaketi. Alikula bonbon yake ya kwanza polepole, akasema: “Iko na tangausi mingi,” watu wakacheka, naye akacheka. Ya pili aliifunga katika karatasi. Mlinzi alikula ya kwake akisimama mlangoni, akauliza: “Hii njo lile boga langu?” Tukasema: ndiyo, Tata, ni lako. Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Sukari iliyobaki iliingia katika chai ya asubuhi ya Noeli.

Tungependa kumaliza hapa, maana hapa panapendeza. Lakini tulisema tutaandika yote. Kesho yake Mama alimpa mtoto ufunguo, na uzi mpya. Hakuupokea. Alisema kwa adabu, mikono nyuma: “Mama, ufunguo mupatie mwingine.” Mama hakumlazimisha. Tulimwomba nasi, akatujibu vilevile. Hana hasira nasi, tunacheza naye mpira, anatuletea hesabu zake tumsaidie. Lakini ufunguo, hapana. Msamaha alitoa siku ileile. Kuamini, hiyo itachukua wakati wake, nasi hatuna haki ya kumharakisha. Sasa ufunguo unachungwa na mmoja wetu. Kila jioni kabla ya kufunga anamwita mdogo wetu, anamwambia: njoo uone dirisha. Mara nyingine anakuja, mara nyingine anajibu kutoka mbali: “Funga tu, yaya.”

Ndugu zetu, funzo letu ni dogo, linaingia ndani ya sufuria. Boga lililolegea jioni linarudi motoni na kukauka, na watu 23 wanakula. Boga lilelile, likifichwa usiku 2, halirudi tena, hata moto uwe mkubwa namna gani. Tulikuwa na saa chache za kusema, nasi tukazitumia kuosha sufuria.

Mkikosa, lete ndoo mapema, ingali baridi.

Sisi wenu, wanafunzi sita wa darasa la 5, tuliobaki Noeli.